Jinsi ya kumjua daktari wa magonjwa ya ndani anayemtibu mgonjwa wako hapa Nairobi: amesomea nini, amepitia wapi, na laiseni yake iko sawa

Naandikia yule mtu ambaye sai ako na mzazi amelazwa, kila jioni anapigiwa simu na watu wa nyumbani wakiuliza "daktari amesema nini" na yeye hajui hata huyo daktari ni nani. Nimekuwa hapo. Mamangu alilazwa hospitali moja hapa Nairobi, miguu imefura, pumzi inakata akilala chali, sukari anayo ya miaka mingi, na kwa siku mbili za kwanza tuliona watu sita tofauti wa koti jeupe, wote tukiwaita daktari, wote wakiuliza maswali yaleyale, na hakuna aliyetuambia nani ndiye anaamua. Kwa fomu ya kulazwa ilikuwa imeandikwa Internal Medicine. Kakangu mkubwa akaona hiyo "intern" hapo mwanzo akashika hasira kabisa, akaelewa mama amepewa daktari mwanafunzi, na tukabaki kidogo tumhamishe usiku huo huo kwa teksi mtu hawezi kupumua.

Hayo ni maneno mawili tofauti. Intani ni daktari aliyemaliza chuo juzi na bado anasimamiwa. Internal Medicine ni tiba ya magonjwa ya ndani ya watu wazima, yale hayatibiwi kwa kisu: sukari, presha, moyo, figo, ini, mapafu, TB, stroku, damu kuganda mguuni, niumonia. Bingwa wa hiyo tiba Wakenya tunamwita fizishani, Watanzania wanasema daktari bingwa wa magonjwa ya ndani na enyewe jina lao limekaa vizuri kuliko letu. Huyo ndiye unataka mtu akiwa na vitu vitatu kwa mwili mmoja kama mamangu, kwa sababu dawa ya kimoja inaweza kuumiza kingine. Kitu cha kwanza fizishani wetu alifanya ni kusimamisha metformini, tembe ya sukari ambayo mama amemeza kwa miaka, maana figo zilikuwa zimeshuka na hiyo dawa hutolewa mwilini kupitia figo. Hao wengine watano walikuwa wameiona kwa orodha wakaiacha hivo.

Baada ya hapo nikaamua nitajua kila daktari anayemgusa mamangu ametoka wapi. Inachukua jioni moja na bando kidogo. Nilifanya hivi.

Hatua ya 1: tenganisha hao watu wa koti jeupe

Hii ndiyo muhimu kuliko zote kwa hivyo usiiruke. Kwa hospitali kubwa, hasa za kufundisha kama Kenyatta, wodi moja iko na ngazi nzima ya watu.

Chini kabisa kuna wanafunzi wa udaktari. Wanakuja kujifunza, wanampima mgonjwa, wanaandika, lakini hawana ruhusa ya kuamua dawa. Mgonjwa anaweza kukataa kupimwa na mwanafunzi na hakuna mtu anafaa kumchukia, ingawa mamangu aliwapenda sana kwa sababu ndio walikuwa na muda wa kukaa wakamsikiza.

Halafu intani. Huyu amemaliza digrii ya MBChB, ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka 6, na sai anafanya mwaka wake mmoja wa mafunzo kazini akizunguka kitengo baada ya kitengo: upasuaji, watoto, uzazi, magonjwa ya ndani. Ni daktari wa kweli lakini yuko chini ya mtu. Ndiye anatoa damu, anafuata majibu ya lebu, anaamshwa usiku. Msimdharau. Ukitaka kujua potasiamu ya jana ilikuwa ngapi, ni yeye anajua kwa kichwa.

Juu yake ni medikal ofisa, MO kama wanavyoitwa. Amemaliza internship, amesajiliwa kamili, anatibu kila kitu lakini hajabobea kwa kitu kimoja. Hospitali nyingi za praiveti usiku unampata huyu.

Rejistra ni MO aliyerudi shule kusomea ubingwa, na hiyo ya fizishani inaitwa MMed ya Internal Medicine, miaka mitatu au minne kutegemea chuo, na haisomwi darasani peke yake, mtu anafanya kazi kwa wodi huku akisoma. Kenyatta saa nane za usiku mgonjwa akibadilika, mkubwa aliye karibu mara nyingi ni rejistra. Akiwa mwaka wa mwisho ni mtu mzito, ametibu wagonjwa wengi sana, muulize yuko mwaka wa ngapi.

Juu kabisa konsaltanti. Huyu amemaliza MMed au shule inayolingana nayo, na Kansili, wale wanaosajili madaktari, imemtambua kama bingwa. Ndiye jina lake liko kwa kitanda hata kama unamuona dakika kumi.

Pembeni ya hii ngazi kuna klinikal ofisa. Wengi wamesoma KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, diploma ya miaka 3 na internship juu yake, wengine siku hizi digrii, na vituo vingi vya mashinani vingefungwa bila wao. Lakini si fizishani, wako na Kansili yao tofauti, na ukiwatafuta kwa orodha ya madaktari utakosa jina uanze kushuku mtu ambaye hana kosa. Pia ile "Dr" ya mbele ya jina usiitegemee peke yake, anaitumia mfamasia, daktari wa meno, wa mifugo, na mtu mwenye PhD ya historia.

Hatua ya 2: uliza amelazwa chini ya nani

Usiulize "daktari wetu ni nani" maana utatajiwa yule alipita mwisho. Uliza sista wa wodi hivi: "Sista, samahani, mama amelazwa chini ya konsaltanti gani?" Hilo swali lina jibu moja. Liandike jina lote, yote mawili au matatu, kwa sababu Nairobi hii ukitafuta Kamau au Otieno peke yake utapata ukurasa mzima.

Kwa praiveti hii ni lazima zaidi, kwani hospitali nyingi konsaltanti si mwajiriwa, ni daktari wa nje aliyeruhusiwa kulaza wagonjwa pale na ada yake inakuja kwa bili kama mstari wa pekee. Tulikuta mistari ya madaktari wawili ambao mama hakumbuki kuwaona. Mmoja kweli alikuja akiwa amelala, tukaonyeshwa maandishi yake kwa faili. Wa pili ilibidi waondoe. Kama una orodha yako ya majina na siku, hiyo mazungumzo inaisha haraka.

Andika pia jina la anayebaki usiku. Marekani wako na daktari kamili wa kazi hii, fizishani ambaye kazi yake yote ni wagonjwa waliolazwa, hana kliniki ya nje, wanamwita hospitalisti. Jina hilo lilitungwa 1996 na Robert Wachter na Lee Goldman. Huku kwetu mpangilio huo si wa kawaida, konsaltanti anafanya raundi asubuhi, anaenda kliniki, pengine anafundisha mchana, pengine ana wagonjwa hospitali ingine ng'ambo ya mji na jam ya Ngong Road tunaijua. Kwa hivyo mnatibiwa na watu wawili, anayeamua na anayeshinda hapo, na lazima uwajue wote wawili.

Hatua ya 3: mtafute kwa Kansili

KMPDC, hii Kansili ya madaktari ambayo mpaka 2019 ilikuwa inaitwa Bodi, wako na rejista ya kila daktari aliyeruhusiwa kutibu Kenya. Ingia kmpdc.go.ke, tafuta pale pa kuangalia madaktari, weka jina. Kama jina halikuji jaribu kugeuza mpangilio, wengine walisajiliwa kabla ya kuolewa, wengine Wanjiku iliandikwa Wanjiko. Bado haikuji? Nenda ofisini kwao, upande wa Lenana Road, uulize.

Unaangalia vitu vitatu. Kwanza, amesajiliwa. Pili, laiseni ni ya mwaka huu, maana usajili ni wa maisha lakini laiseni inaisha Desemba 31 kila mwaka na ili aipate tena daktari lazima aonyeshe ameendelea kujisomea. Ukiangalia wiki ya kwanza ya Januari ukakuta bado inasoma mwaka uliopita, uliza kwanza kabla ya kupiga kelele. Tatu, na hapa watu wengi hawafiki, angalia ametambuliwa kama nini. Mtu anaweza kuwa daktari halali kabisa, laiseni safi, lakini kwa rejista ni daktari wa kawaida na kwa bango la kliniki yake ameandika bingwa wa sukari na presha. Hapo ndipo nakuomba usimame. Kumaliza MMed hakukufanyi bingwa kwa rejista mpaka uombe Kansili ikutambue, kwa hivyo anaweza kuwa ametoka shule juzi na karatasi ziko njiani. Lakini pia anaweza kuwa hajawahi kusomea. Swali la adabu litakuambia ni gani.

Daktari aliyesomea nje naye anapita mlango huohuo. Mkenya aliyerudi na digrii kutoka ng'ambo anafanyishwa mtihani na Kansili kabla aruhusiwe, mgeni anayekuja kufanya kazi kwa muda anapewa laiseni ya muda. Wote utawapata kwa rejista.

Hatua ya 4: soma herufi za baada ya jina

MBChB ni digrii ya kwanza ya udaktari kwa mtindo wa Kenya na Uingereza. MD ni hiyo hiyo digrii ya kwanza kwa Tanzania, Urusi, Cuba na Marekani. Watu wanadhani MD ni kubwa kuliko MBChB. Ziko sawa, ni nchi tu imebadilika.

MMed (Int Med) ndiyo unatafuta. Lazima uone Internal Medicine hapo, MMed ziko nyingi, kuna ya upasuaji, ya watoto, ya kusoma eksirei, ya familia. Hiyo ya familia ni shule nzuri pia lakini ni njia ingine.

FCP (ECSA) ni njia mpya kidogo, inatoka kwa chuo cha mafizishani wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Mtu anasomea ndani ya hospitali akiwa kazini badala ya kuingia chuo kikuu, halafu anafanya mitihani. Ukiiona usiidharau kwa sababu hujaizoea.

MRCP ni mitihani ya Uingereza ya sehemu 3, mbili za kuandika na ya tatu unawekwa mbele ya wagonjwa huku wakubwa wanakuangalia unavyompima mtu na unavyoongea naye. Ni migumu na inaheshimiwa, ila inathibitisha ujuzi wa kiwango fulani, si sawa na kumaliza mafunzo yote ya ubingwa. Kwa hivyo MRCP ikiwa peke yake, uliza mafunzo alifanyia wapi. FRCP inapewa mtu ambaye ameshakuwa mkubwa na wenzake wamemkubali.

Aliyesomea Marekani atakuambia ana bodi. Maana yake ni kwamba baada ya shule ya udaktari alifanya miaka 3 hospitalini kama mwanafunzi wa ubingwa, kisha akapita mtihani wa American Board of Internal Medicine, ambayo iko tangu 1936.

Juu ya hizi zote kuna ubingwa ndani ya ubingwa, yaani fizishani amerudi tena, mara nyingi kama miaka 2, akasomea moyo pekee, au figo, au sukari na homoni, au tumbo na ini. Kwa wodi ya kawaida huhitaji huyu kila siku. Mamangu alihitaji wa figo aje mara moja aangalie, aandike maoni, na fizishani wetu akaendelea kushika usukani, na mimi naona hivo ndivyo inafaa kuwa, mtu mmoja anashika gari wengine wanamwonyesha barabara.

Vyeti vya wiki mbili na diploma za onlaini ni kujiongezea. Havibadilishi mtu kuwa bingwa.

Hatua ya 5: angalia alifundishwa wapi na alijali nini

Hii niliipenda sana na sijaona watu wakiifanya. Shule ya udaktari ya Nairobi ilianza 1967 na wodi za Kenyatta ndizo darasa lake, za magonjwa ya ndani ziko juu huko floo ya 7 na ya 8. Mtu aliyefanyia MMed pale ameona yale magonjwa yaliyoshinda kaunti, kwa sababu rufaa kutoka kila pembe ya nchi inaishia kwa hizo lifti. Aga Khan nao wanafundisha, Moi kule Eldoret pia. Kila mahali pana mwendo wake, wengine wamezoea wagonjwa wengi na vifaa vichache, wengine vipimo viko karibu na wagonjwa ni wachache, na sitakuambia gani ni bora kwa sababu nimeona madaktari wazuri wa pande zote.

Lakini kuna kitu kila aliyesomea MMed lazima aache nyuma: utafiti wake. Huwezi kumaliza bila kuandika, na Chuo Kikuu cha Nairobi wanaweka nyingi kwa hifadhi yao ya onlaini, bure. Weka jina la daktari kwa Google, ongeza neno MMed na jina la chuo. Mimi nilipata ya fizishani wa mamangu. Alikuwa ameandika kuhusu figo za watu wenye sukari, waliolazwa wodi zilezile, amewahesabu mmoja mmoja, amepima mkojo wao. Nilisoma pale mwanzo na mwisho, katikati hesabu zilinishinda, na nikaelewa kwa nini alikimbilia ile metformini kabla ya kitu kingine. Nikampigia kakangu nikamsomea ukurasa mmoja kwa simu. Ndio siku aliacha kuongea mambo ya kuhamisha.

Usichukue hii kama kipimo cha mwisho. Utafiti wa miaka kumi iliyopita hauonyeshi anafanya nini leo, na aliyeandika kuhusu mapafu anaweza kukutibia moyo vizuri kabisa. Inakuonyesha tu huyu mtu aliwahi kukaa chini na kitu gani kwa muda mrefu. Angalia pia kama anafundisha, kwa sababu mwalimu anaulizwa maswali na wanafunzi kila siku na hawezi kulala.

Hatua ya 6: muulize mwenyewe

Najua tunaogopa. Tumelelewa daktari haulizwi, na mama zetu watakufinya chini ya shuka ukianza. Lakini ukiuliza kwa heshima wengi wanafurahi, na wa kwetu alivuta kiti. Ngoja raundi iishe, usimkatize mbele ya wanafunzi wake. Mimi nilisema hivi: "Pole na kazi daktari. Mimi ni mtoto wa huyu mama. Tungependa kukujua kidogo ili tujue tunamwambia nani nini."

Halafu maswali yangu manne. Ulisomea ubingwa wapi na umekuwa fizishani miaka mingapi? Wagonjwa wenye moyo na figo pamoja kama mama unawaona mara ngapi? Usiku akibadilika nani anaitwa kwanza, na wewe unapigiwa ikifika kiwango gani? Na ukikwama, unampigia nani?

Hilo la mwisho ndilo nalithamini. Daktari mzuri analijibu haraka, ana mtu wa figo, ana mtu wa moyo, pengine ana mwalimu wake wa zamani ambaye bado anampigia. Yule anayesema hajawahi kukwama, hapo mimi ningetafuta maoni ya pili.

Hatua ya 7: kama mambo hayalingani

Jina halipo kabisa kwa rejista, na si klinikal ofisa, nenda kwa msimamizi wa hospitali siku hiyo hiyo, ukikosa jibu piga ripoti Kansili. Laiseni imepitwa, uliza hospitali, hao pia wana jukumu la kuangalia. Kama ni bingwa wa mdomo tu lakini daktari halali, huna haja ya vita, omba rufaa au maoni ya pili kwa fizishani aliyetambuliwa, ni haki ya mgonjwa. Usimwondoe mtu mgonjwa kitandani kwa hasira kabla hujajua anaenda kwa nani na kuna kitanda huko.

Siku ya kuruhusiwa usitoke na risiti peke yake. Dai karatasi ya muhtasari, soma pale pale ukiwa umesimama kaunta, hakikisha jina la konsaltanti liko, dawa zilizosimamishwa zimeandikwa na sababu, na tarehe ya kliniki iko. Ya mamangu walikuwa wamesahau kuandika metformini imesimamishwa. Nikarudi juu, intani akaongeza kwa kalamu akaweka sahihi, na kliniki ya kwanza, ambako tulipata daktari mwingine kabisa, huo mstari ndio alisoma kwanza.